Pamba Masikioni mwa Mzee Khaemba

Mtu akija kwako akisema hasikii, usimpigie kelele. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi vijana mnaovaa makoti meupe siku hizi na kutembea mbiombio ndani ya wodi kama mnaofukuzwa. Kaa naye kwanza. Mwulize ni sikio lipi, lilianza lini, linauma au haliumi, na kama kuna sauti inayovuma ndani. Ukimpigia kelele utakausha koo lako bure, na yeye atarudi nyumbani na ugonjwa wake vilevile.

Mimi nilikuwa dresa. Najua neno hilo linawachekesha. Dresa alifunga vidonda, akadunga sindano, akachanganya dawa za maji, akashika taa daktari akipasua, na jioni akachukua ufagio. Nilianza kazi Kitale miaka ya kabla ya vita vya Hitla, nikaimalizia Bungoma, na huko katikati watu kutoka kijiji cha Kwanza hadi Cheptais walikuwa wakiniita Daktari wa Masikio. Udaktari sikuwa nao. Lakini masikio niliyajua, na sioni haya kujisifu hapo. Nimechungulia masikio ya machifu, ya wapishi wa wazungu, ya makarani wa reli na ya nyanya zenu. Mengi yalinishinda kuyaponya, lakini machache sana yalinishinda kuyaelewa.

Aliyenifundisha ni Hezekia, dresa wetu mkuu pale Kitale, Mmaragoli mwembamba aliyezungumza kwa sauti ndogo hata akiwa amekasirika. Tulipofika kwake tukiwa wageni wa kazi, hakutupa kitabu. Alikanda pamba kwa nta ya nyuki mpaka ikawa laini, akatuziba masikio sote, kisha akatutuma wodini kufanya kazi kama kawaida. Wagonjwa walituita, tukapita. Wapishi walitupigia kelele tupishe sufuria ya uji, tukasimama pale pale. Kuna mwenzetu mmoja aliyekula kofi la mgonjwa kwa sababu alimletea bakuli badala ya maji. Hezekia alipotuzibua alituuliza ni nani kati yetu hakutukanwa. Hatukuwa na mtu wa kuinua mkono. Akasema, "Basi sasa mnajua kiziwi ameshatukanwa mara ngapi kabla ya chakula cha mchana."

Tena alikuwa mkali katika kuchagua maneno. Wakati ule kila mtu mwenye shida ya sikio aliitwa kiziwi, basi, mlango umefungwa. Hezekia hakutaka kulisikia neno hilo mpaka umalize kazi yako. Alitaka useme ulichokiona. Kama ni nta iliyokauka ikaziba mfereji wa sikio, sema sikio limeziba kwa nta. Kama kuna usaha unaotoka, sema sikio linatoa usaha, halafu utafute kama ile ngozi nyembamba ya ndani, tunayoiita ngoma ya sikio, imetoboka. Kama mtu anasikia nusunusu, huyo ni mzito wa kusikia. Kiziwi ni yule asiyesikia kabisa, na hao ni wachache kuliko mnavyodhani. Alisema ukimwita mtu kiziwi kabla hujamtazama, nyumbani kwao watu wataacha kuzungumza naye, na hilo huwezi kulitibu tena kwa dawa yoyote.

Nimeona mwenyewe. Alikuja kwangu fundi seremala, mtu mzima, ambaye wanawe walikuwa wamekwisha kuacha kumsalimu kwa sababu ati hasikii. Nilimtilia mafuta ya uvuguvugu jioni na asubuhi kwa siku kadhaa, kisha nikapiga maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, nikilenga juu ya mfereji wala si katikati. Ilitoka nta nyeusi kama gome la mti. Yule bwana aliruka akashika kichwa, akaniambia nizime mashine. Hapakuwa na mashine. Ilikuwa ni kuku nje ya dirisha.

Lakini maji si ya kila sikio, shikeni hapo. Mtoto mmoja kutoka kijiji cha Kwanza aliletwa akiwa na harage sikioni. Mama yake, kwa mapenzi yake, alikuwa amemiminia maji ya moto kidogo ili lilainike litoke. Harage likinywa maji linafura, kila mpishi anajua, lakini likiingia sikioni watu husahau kwamba ni harage. Nililitoa vipande vipande, mtoto akipiga mateke, mama akilia kuliko mtoto. Ikiwa ni mbegu, usitie maji. Ikiwa ni mdudu aliye hai, mzamishe kwa mafuta kwanza afe, ndipo umtoe. Na sikio linalotoa usaha usilimiminie chochote alichokushauri jirani, iwe samli, iwe maziwa, iwe maji ya majani. Lipanguse kwa pamba kavu, tena na tena, mpaka mikono ichoke. Nimekausha masikio mengi ya watoto kwa pamba kavu na subira tu, na wengine wao leo ni walimu.

Kutoka Cheptais walikuja vijana wa mlimani waliotobolewa ndewe pana tangu utotoni, masikio yao yakining'inia karibu na bega, wakitaka niwashonee ili wakaandikwe uaskari. Nilishona nyingi. Nikijisifu tena mtaniambia nimezidi, lakini mshono wangu ukipona ilibidi ushike sikio kwa kidole ndipo uuone. Na vijana hao hao waliporudi kutoka Burma walikuja tena, safari hii bila ndewe, wakiniambia kuna nyuki ndani ya kichwa. Huo ni mvumo wa sikio, mizinga ilikuwa imewaharibu ndani kabisa. Sikuwa na dawa. Niliwaambia kwamba si uchawi, si wazimu, ni jeraha la vita kama alilopata mwenzao mguuni. Mmoja wao alinishika mkono akaushikilia kwa muda mrefu. Alikuwa akidhani anarukwa na akili.

Lakini nikiulizwa ni kazi gani katika maisha yangu ninayojivunia kuliko zote, nitawaambia habari ya Nelima, ambaye sikumponya.

Wakati huo nilikuwa nimehamia zahanati moja ndogo upande wa Bungoma. Nelima alikuwa ameolewa na Wafula, kijana aliyekuwa akiendesha plau katika shamba la mzungu karibu na Kwanza na kuja nyumbani mara chache. Kwa hiyo Nelima aliishi bomani kwa baba mkwe wake, Mzee Khaemba. Huyu mzee alikuwa mtu wa mila. Alikuwa mmoja wa wazee wa baraza, na kama kuna mtu aliyekosea desturi, Khaemba ndiye aliyemtoza kuku au mbuzi, na hakusahau kesi ya mtu.

Ninyi mliozaliwa juzi labda hamjui jinsi ukwe ulivyokuwa kwetu Wabukusu. Mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wala hawapishani katika njia nyembamba. Mzee akikaribia boma lake anakohoa, na mke wa mwana akisikia anaondoka, anapita nyuma ya nyumba, au anageuka upande mpaka mzee apite. Heshima yote hiyo ilisimama juu ya kukohoa. Sasa fikirini mwanamke ambaye kikohozi hakimfikii.

Khaemba alikuwa akikohoa langoni, Nelima anaendelea kupepeta wimbi. Akikohoa tena, Nelima anainua kichwa na kumtazama usoni. Mara ya kwanza watu walisema ni ugeni. Ilipozidi wakasema ni kiburi. Na kilichomharibia kabisa ni mashine ya kusaga posho. Pale kwenye mashine, injini ikinguruma mpaka kifua kinatetemeka, wanawake wengine wakishindwa kusikilizana, Nelima alikuwa anasikia. Mtu akimwita, anaitika. Akitaniwa, anarudisha utani. Habari hiyo ilimfikia Khaemba, naye akakata shauri. Mwanamke anayesikia kwenye kelele na hasikii kwenye kimya anafanya makusudi. Akasema atarudishwa kwa wazazi wake upande wa Lugulu, na watoto, kama ilivyo desturi, watabaki kwa baba yao. Mdogo alikuwa bado ananyonya.

Aliyemleta kwangu ni mama mkwe wake, mke mkubwa wa Khaemba, ambaye alikuja kwa siri akimdanganya mzee kwamba ni mtoto anayekohoa. Nelima alikaa kwenye benchi akitazama midomo yangu. Nilimwuliza yote niliyofundishwa kuuliza. Masikio yalianza kuwa mazito baada ya mtoto wa kwanza, na baada ya wa pili yakawa mazito zaidi. Hakuna maumivu, hakuna usaha. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau.

"Kwa mashine nasikia, daktari. Nyumbani sisikii. Hata mimi sasa nafikiri labda ni roho yangu tu iko mbaya."

Niliwasha taa nikatazama. Mfereji safi, ngoma nzima, inang'aa vizuri. Mwingine angeishia hapo na kumwambia hana ugonjwa. Lakini daktari tuliyekuwa tukimshikia taa kule Kitale alikuwa ametufundisha, na Hezekia akatukaririsha mpaka tukamchukia, kwamba nyuma ya ngoma kuna vifupa vidogo vinavyopokezana sauti, na kwamba cha mwisho kinaweza kukakamaa, zaidi kwa wanawake vijana, na mimba inakizidisha. Na alama yake moja ni hiyo hiyo ya mashine. Sisi tusio wagonjwa, ngurumo inatuziba, kwa hiyo tunapaza sauti. Yeye ngurumo hiyo haimzibi sana, ila sauti zetu tulizozipaza zinamfikia vizuri.

Nilichukua uma wa chuma wenye meno mawili, ule wa kupimia masikio, nikaugonga kwenye goti langu ukaanza kulia. Nikausimamisha mbele ya sikio lake, akatikisa kichwa, hasikii. Nikaliweka shina lake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na macho yakamtoka. Alisikia. Nilirudia kwa sikio la pili, nikabadilisha mbele na nyuma bila mpango, nikafanya kama nimeugonga kumbe sikuugonga. Majibu yake hayakuyumba. Mtu anayejifanya hawezi kujua ajibu nini hapo. Neva ilikuwa nzima na njia ndiyo iliyofungwa. Nilimwambia mama mkwe wake huyu si kiziwi, wala hana kiburi, ni mzito wa kusikia kwa kifupa kilichokakamaa, na nikamwomba amlete mzee.

Khaemba alikuja siku iliyofuata akiwa amenuna. Nelima alikuwa ndani, kwa hiyo mzee alikaa nje, akauegemea ukuta na kuupa mgongo mlango, nami nikawa ninatoka na kuingia. Nilimwonyesha uma kwenye kichwa chake mwenyewe. Nilimweleza kifupa. Alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu hata akiwa na hasira.

Kisha akasema, "Wewe mtoto wa watu, wazungu wamekufundisha chuma. Mimi najua watu. Huyo hana ugonjwa, ana madharau."

Nikamwambia sitabishana naye, lakini kama yeye ni mzee wa baraza na hahukumu kesi bila kufika mahali penyewe, basi afike. Akaniuliza afike wapi. Nikamwonyesha pamba na nta ya nyuki. Nilimwambia akae nayo masikioni mpaka kesho jioni, aende kila mahali anapokwenda, mashine ya posho ikiwamo, halafu aje anihukumu mimi na huyo msichana kwa pamoja. Nilijua hatakataa. Mtu wa namna ile humwombi, unamchokoza. Akainamisha kichwa akaniambia niweke, na nisiogope kusukuma.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mkewe mkubwa, ambaye kila aliposimulia alianza kwa kuomba msamaha kwa kucheka. Asubuhi mzee alitoka nyumbani amefura kwa sababu hakuna aliyemsalimu. Kumbe walimsalimu wote. Alimwita mkewe mdogo akaleta maji, akamkaripia kwa kutojibu, naye alikuwa amejibu akiwa ndani ya nyumba. Alipofika kwenye mashine alisimama mlangoni akishangaa, maana msagaji alimwuliza hali na yeye akamsikia wazi, neno kwa neno, ndani ya kelele zile zote. Akamtazama msagaji mdomo. Akatoka nje, mtu akamsemesha kwa sauti ya kawaida, hakusikia. Akarudi ndani, akasikia. Watu walidhani mzee anatafuta kitu alichoangusha.

Akaanza kurudi nyumbani kwa njia inayokatiza mashamba ya mahindi. Mahindi yalikuwa yamesimama, na njia pale inapinda. Kutoka upande wa pili walikuwa wanakuja wanawake kutoka sokoni, na kati yao alikuwamo mama wa mkewe mdogo, yaani mama mkwe wake. Ninyi vijana mtasema ni kitu gani. Kwetu wakati ule hapakuwa na mtu wa kuepukwa kuliko mama mkwe. Mwanamke mmoja alimwona mzee kupitia mahindi akatoa onyo. Walikohoa. Wakapiga makofi. Wakaita jina lake wazi kabisa wakimwambia asimame. Khaemba, aliyewatoza wengine mbuzi kwa kosa hilo hilo, alikuja moja kwa moja akikunja kona, akakutana na mama mkwe wake uso kwa uso, karibu kugongana. Mama wa watu aliangusha kikapu akajifunika kichwa kwa shuka na kukaa chini palepale njiani.

Mzee hakwenda nyumbani. Alikuja zahanati, akaketi kwenye benchi, akanielekezea sikio. Nilimtoa pamba. Kumwona hivyo, kicheko chote nilichokuwa nimekiandaa kiliniishia, nikamwonea huruma.

"Walikohoa," aliniambia. "Wote walikohoa. Sikusikia kitu."

Nikamwambia pole, papa, yaani baba, kwa Kibukusu chetu.

Alizungusha ile pamba kati ya vidole. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na huyu msichana, kwake iko hivi kila siku?"

"Kila siku, papa. Na yeye hana pamba ya kutoa."

Akauliza dawa. Nilimwambia ukweli, kwamba sina, na kwamba hata huko Kitale hawana, na mtu yeyote atakayemwuzia ya kumimina sikioni ni mwongo. Nikamwambia watu wa nyumbani wamsemeshe wakiwa mbele yake, wamguse bega kabla ya kumwita, wasiongee wakiwa wamempa mgongo. Sauti kubwa inamfikia, ndogo haimfikii. Zaidi ya hapo nilikuwa nimefika mwisho wa elimu yangu. Mzee akaniaga akaenda, na habari ya kumrudisha Nelima kwao haikutajwa tena. Wafula alipokuja nyumbani alikuta kesi imekwisha, asijue hata ilikuwa kubwa kiasi gani.

Miezi ilipita. Siku moja nilikuwa naendesha baiskeli upande ule, nikaingia bomani kwa Khaemba kusalimu, na mkewe mkubwa akaniwekea uji. Nelima alikuwa uani anasaga wimbi kwenye jiwe, mtoto mgongoni. Mara nikasikia kengele. Niligeuka. Langoni kulikuwa kumetundikwa sahani ya plau, lile duara la chuma linalopasua ardhi, kuukuu, ambayo Wafula alikuwa amepewa huko shambani, na Mzee Khaemba alikuwa amesimama chini yake na kipande cha chuma mkononi, akiigonga kwa nguvu zake zote. Mkewe aliniambia majirani walikuwa wamemcheka sana. Walisema mzee wa baraza anapiga kengele kuingia kwake mwenyewe kama mtoto wa shule. Aliwajibu wacheke mpaka wachoke.

Nelima aliinua kichwa. Hakushtuka. Alifunika unga wake, akafuta mikono, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaanza kwenda kuelekea nyuma ya nyumba bila kukimbia. Khaemba alikuwa ametuliza ile sahani kwa kiganja na kuangalia upande wa barabara. Mimi, kwa uchangamfu wa mgeni, niliinuka nikamwita mzee aje tunywe uji.

Aliinua mkono kunizuia.

"Bado," akasema. "Mwache afike."